Mtambo wa Kusafisha Maji Unaojiendesha: Mambo ya Kupima Nyumbani

Maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano na kuyeyusha madini ya floraidi yaliyomo. Kwa sababu hiyo, vyanzo kadhaa kuuzunguka mlima huu vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambao ndio ukomo uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Mkazi wa Ngarenaro hahitaji maelezo marefu kuhusu madhara yake. Ameyaona katika meno ya kahawia ya watu waliokulia maeneo haya. Athari hiyo huingia utotoni, takribani kabla ya miaka minane, wakati meno ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya fizi. Yakishaota na madoa, kubadili maji hakuyarudishi katika hali njema.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki, na kiasi chake katika kila lita huongezeka. Vidonge vya klorini navyo huua vijidudu tu, na chujio la kawaida la mshumaa wa udongo halikutengenezwa kwa kazi hii. (Anayepikia maharage kwa magadi akumbuke pia kwamba magadi yenyewe huweza kuwa na floraidi nyingi.) Ndiyo maana familia zenye uwezo hununua mtambo wa utando, ambao pampu yake husukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Utando ulio mzima huweza kuondoa sehemu kubwa ya floraidi, mara nyingi zaidi ya asilimia 85. Maji safi hutoka upande mmja na maji taka yaliyobeba chumvi hutoka upande mwingine.

Siku hizi mitambo hiyo huuzwa kwa sifa ya kujiendesha: hujiwasha, hujizima na kujisuuza bila mtu kuigusa. Sifa hiyo ina manufaa ya kweli. Swichi ya msukumo mdogo, kwa mfano, huzima pampu maji ya bomba yanapokatika, ili isiungue kwa kuzunguka kavu. Hata hivyo, mtambo hutii kile tu unachoweza kukihisi, na mnunuzi anapaswa kukifahamu kabla ya kulipa.

Tuanze na boya. Katika mitambo mingi ya bei nafuu, boya la tangi hufunga maji safi peke yake. Mpira wa maji taka hauna boya. Unategemea vali nyingine ya kujifunga, nayo hutegemea vali ndogo inayozuia maji safi kurudi nyuma. Vali hiyo ndogo ikichakaa, tangi litajaa na maji safi yatakoma, lakini maji taka yataendelea kutiririka kwenye mfereji usiku kucha. Hakuna kengele itakayolia wala sakafu itakayolowa.

Kipimo chake ni chepesi. Tangi likishajaa, subiri dakika kumi, kisha ingiza mpira wa maji taka ndani ya chupa ya nusu lita na utazame saa ya simu. Mtambo mzima hautatoa kitu. Ukikuta mililita 200 kwa dakika, hizo ni lita 12 kwa saa, lita 288 kwa siku, na lita 8,640 kwa siku 30: zaidi ya uniti 8 kwenye dira. Katika nyumba za kupanga zenye dira moja, ambazo Ngarenaro ni nyingi, uniti hizo hugawanywa kwa wapangaji wote, na lawama humwangukia mwenye watoto wengi au mwenye kufua kila siku. Kabla ya kugombana na jirani au kulalamikia ankara, pima mpira huo.

Jambo la pili wamelitambua vizuri wafugaji wa samaki na matumbawe ya maji chumvi, ambao hutumia mitambo ya aina hii hii na ambao matumbawe yao hayastahimili maji yenye uchafu. Mtambo ukisimama, chumvi huvuka utando polepole, hivyo maji ya kwanza baada ya kuwashwa huwa duni kuliko yanayofuata. Ikiwa boya hufungua mtambo kila mtu anapochota kikombe kimoja, tangi hujazwa na hayo maji ya kwanza. Mwombe fundi aweke swichi mbili za kina, moja ya kuwasha tangi likikaribia kwisha na nyingine ya kuzima likijaa, ili mtambo ufanye kazi kwa muda mrefu kila unapowaka.

Kuhusu kile kijikalamu cha umeme ambacho muuzaji huchovya ndani ya glasi: hakipimi floraidi. Hupima jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Maji yanaweza kuonyesha namba ndogo na bado yakawa na floraidi iliyozidi ukomo. Kitumie kwa kulinganisha tu. Kama maji yanayoingia yanasoma 400 na yanayotoka 40, utando unazuia asilimia 90 ya chumvi. Andika namba hizo siku ya kwanza. Zile za kutoka zikianza kupanda mwezi hadi mwezi, utando umechoka. Floraidi yenyewe hupimwa maabara. Peleka sampuli mbili, ya kabla na ya baada ya mtambo, katika chupa za plastiki zilizosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale. Chupa ya kioo haifai, kwani floraidi huweza kuathiriana na kioo.

Maji taka yatumike kupiga deki na kumwagia choo. Yasipikiwe wala kunyweshwa mifugo, maana floraidi yake imezidi ile ya bombani.

Unaponunua, dai risiti ya EFD iliyoandikwa aina ya mtambo, pamoja na dhamana ya maandishi inayotaja utando na vali. Dhamana inayotaja pampu peke yake haikulindi dhidi ya hitilafu zilizoelezwa hapa.