SOMO LA KIINGEREZA: MAJINA YANAYOANZA NA HERUFI Q



Herufi Q hatuitumii kuandika Kiswahili wala Kikamba. Hata kwa Kiingereza ni adimu. Fungua kamusi uone, kurasa zake ni chache sana. Lakini maneno hayo machache ndiyo yanayotukuta kwenye karatasi za kikundi: katiba, karatasi ya bei kutoka hadiwea, ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Asiyeyajua hutia sahihi jambo asilolielewa, halafu pesa zikipotea anauliza, "Nani alikubali?" Kumbe ni yeye.

Leo tujifunze majina tisa. Katibu ayaandike kwenye karatasi kubwa, na wote wayasome kwa sauti.

Jinsi ya kusoma Q

Q hutembea na u, karibu kila mara. Zikiwa pamoja, zisome "kw" kama katika "kweli" na "kwetu". Neno Qatar, ile nchi ambako vijana wengi huenda kutafuta kazi, halina u kwa sababu ni jina la Kiarabu.

A. Maneno ya mkutano

1. Quorum (soma: kworam). Ni akidi, yaani idadi ya wanachama wanaotakiwa kuwepo ili uamuzi wa mkutano uwe halali. Idadi hiyo huwekwa na katiba. Bunge la Taifa la Kenya, lenye wabunge zaidi ya 300, akidi yake ni wabunge 50 tu kulingana na Katiba ya 2010. Seneti ni 15. Basi si lazima iwe nusu. Ni vile mlivyoandika. Tuseme kikundi chenu kina watu 24 na katiba inasema theluthi mbili. Quorum yenu ni watu 16. Wakija 15 na wakubali kutoa pesa benki, uamuzi huo unaweza kupingwa. Hesabuni watu kabla ya kuanza, na idadi iandikwe katika kumbukumbu.

2. Queue (soma: kyuu). Hili halifuati sauti ya "kw". Ni foleni au mlolongo wa watu. Wazee wanakumbuka mwaka 1988, wapiga kura walipopanga mstari nyuma ya mgombea wao katika uteuzi wa KANU. Uchaguzi ule ukaitwa mlolongo.

3. Query (soma: kwiari). Ni swali la mtu mwenye shaka. Mkaguzi akiandika "query" kando ya hesabu, hajasema mweka hazina ni mwizi. Anasema, "Hapa sijaelewa, nionyesheni." Jibu lake ni risiti au ukurasa wa kumbukumbu, si kelele. Lakini query isiyojibiwa hukaa kwenye ripoti, na mfadhili akiisoma ataogopa.

B. Maneno ya kununua na kuuza

4. Quotation (soma: kwoteshen). Ni karatasi ya muuzaji inayosema, "Nikikuuzia, bei itakuwa hii." Si risiti! Haionyeshi kwamba mmelipa. Mweka hazina asiiweke kwenye faili kama ushahidi wa malipo. Serikali ikinunua kwa njia hii, sheria ya ununuzi ya 2015 inataka maombi ya bei yapelekwe kwa wauzaji wasiopungua watatu. Na sisi tufanye hivyo. Mkitaka saruji, ombeni quotation kwa maduka matatu, mzilinganishe mbele ya kikundi. Angalieni pia kama usafiri umo ndani ya bei, na bei inadumu hadi tarehe gani.

5. Quality (soma: kwoliti). Ni ubora au hali ya kitu. Ndengu safi, zilizokauka, zisizo na mawe wala wadudu, zina quality nzuri.

6. Quantity (soma: kwontiti). Ni kiasi, yaani kilo ngapi, lita ngapi, mifuko mingapi.

Haya mawili yanafanana kama mapacha. Njia ya kuyakumbuka ni hii: quaLity ina L kama haLi, quaNtity ina N kama Ngapi.

Mnunuzi wa ndengu akija na karatasi, someni sehemu zote mbili. Pale kwenye quantity akiandika "20 bags", yaani magunia 20, msikubali upesi. Gunia la nani? Likiwa ni lumbesa, lile lililoongezwa kichwa juu, mmetoa kilo nyingi kwa bei ya chache. Quantity iandikwe kwa kilo baada ya kupima kwenye mizani. Na pale kwenye quality akiandika "poor", yaani mbaya, awaonyeshe ubaya wenyewe kabla ya kupunguza bei.

C. Maneno ya kazi na mifugo

7. Quarter (soma: kwota). Ni robo. Robo kilo ni gramu 250. Robo ya mwaka ni miezi mitatu. Hapa wengi hupotea. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, si Januari. Kwa hiyo mkiambiwa mradi wa maji utalipwa katika "first quarter", ni Julai hadi Septemba. "Third quarter" ni Januari hadi Machi.

8. Quarry (soma: kwori). Ni machimbo ya mawe. Vikundi vinavyojenga mabwawa ya mchanga kwa mwethya wanayajua mawe vizuri. Kokoto ikitoka quarry, ombeni karatasi inayoonyesha quantity kwa tani.

9. Quarantine (soma: kworantin). Kiswahili ni karantini. Asili yake ni neno la Kiitaliano la arobaini, kwa sababu zamani meli zilingojeshwa siku 40 bandarini kwa kuogopa tauni. Mwaka 2020 tulilisikia sana wakati wa korona. Kwa mfugaji, tangazo la quarantine lina maana kwamba mifugo isihamishwe, labda kwa ajili ya ugonjwa wa midomo na kwato. Anayepeleka ng'ombe sokoni Emali bila kulisoma anaweza kupata hasara na kusambaza ugonjwa.

Zoezi

Jazeni nafasi kwa neno moja kati ya yale tisa.

(a) Only ten members came, so there was no ______.
(b) We asked three shops for a ______.
(c) The ______ was 900 kilos.
(d) The auditor wrote a ______ about the missing receipt.

Majibu: (a) quorum, (b) quotation, (c) quantity, (d) query.

Ya kujadiliana

1. Katiba yetu inasema quorum ni watu wangapi? Mkutano uliopita tulifika wangapi?
2. Je, tuna karatasi yoyote ya Kiingereza tuliyotia sahihi bila kuielewa? Katibu ailete mkutano ujao, tuisome pamoja neno kwa neno. Tukikwama, tumwombe mwalimu wa shule ya karibu atusaidie.

Mwanafunzi wa sekondari akiwepo nyumbani, awasikilize wazazi wakisoma. Kujifunza hakuna mzee.