SOMO: KIDOLE SI NAMBA YA SIRI



Mashine ya alama za vidole si ngeni Dzaleka. Mwishoni mwa mwaka 2013 UNHCR ilijaribu mfumo wake mpya hapa kambini: vidole kumi na mboni za macho mawili ya kila mtu viliingizwa katika kompyuta. Tangu hapo tumezoea kuweka kidole tunapoambiwa. Lakini siku hizi, katika nchi kadhaa, kidole au jicho hutumika pia kulipia dukani. Yafaa tujue tunatoa nini kabla jambo hilo halijatufikia.

1. TOFAUTI NI NINI?

Ukinunua unga Old Town, Lilongwe, kwa Airtel Money au Mpamba, unabonyeza namba ya siri. Mtu akiiona, unaibadilisha siku hiyo hiyo. Kadi ikiibiwa, inafungwa na unapewa nyingine. Alama ya kidole haibadilishwi. Ikiingia mikononi mwa mtu mbaya, imeingia kwa maisha yako yote.

Mashine hupima mistari ya kidole na kuigeuza kuwa namba nyingi. Ukirudi, inapima tena na kulinganisha. Swali kubwa basi ni hili: namba hizo zinatunzwa wapi? Simu nyingi zinazofunguliwa kwa kidole huzitunza ndani ya simu yenyewe. Mashine ya duka au ya ofisi huenda ikalinganisha na kumbukumbu iliyo mbali, ambayo wewe huioni.

2. WENZETU WALIOTANGULIA

Mwaka 2016, katika kambi za Azraq na Zaatari nchini Jordan, WFP ilianza kuwalipisha wakimbizi wa Siria kwa jicho. Mnunuzi alitazama kamera kwenye kaunta, kompyuta ikamtambua kutokana na kumbukumbu za UNHCR, bei ikakatwa katika msaada wake, naye akapewa risiti. Hapakuwa na kadi wala pesa mkononi.

Faida zipo, tusizikatae. Huko Kakuma, Kenya, baadhi ya wenye maduka waliokopesha wakimbizi walishika kadi au laini zao za simu kama rehani. Kidole hakiwekwi rehani, wala mwizi hawezi kuchukua posho ya mama mjane kwa kuiba kadi yake.

3. HATARI TATU

(a) Kukataliwa na mashine. Anayefyatua matofali, anayelima na mzee mwenye ngozi iliyochakaa huenda mistari ya vidole vyao isisomeke. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kumtuma mtoto na kidole chake. Pasipokuwa na njia ya pili, watu hawa watalala njaa ingawa haki yao ipo.

(b) Kumbukumbu ya nyendo zako. Malipo ya kidole huandika ni nani, wapi, siku gani na saa ngapi. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka. Kwa mkimbizi, maandishi yanayosema kwamba fulani alinunua sabuni Old Town Jumanne asubuhi si jambo dogo. Noti ya kwacha haisemi ilikuwa kwa nani jana.

(c) Alama kutumika kwa kazi nyingine. Kule Garissa, Kenya, wakati wa ukame, raia wengi wa Kenya walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula. Miaka ikapita. Walipoomba kitambulisho cha taifa, alama zao zilionekana katika kumbukumbu za wakimbizi, wakanyimwa. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch liliandika kuwa habari za Warohingya zilizokusanywa na UNHCR huko Bangladesh zilipelekwa kwa serikali ya Myanmar, ile waliyoikimbia. Wengi wa waliohojiwa walisema hawakuelezwa. Risiti yao ya Kiingereza ilikuwa na alama ya "ndiyo". UNHCR ilijibu kwamba ilieleza na kuomba idhini. Sisi tujifunze hili: karatasi usiyoweza kuisoma, isomewe kwanza.

4. ULIZA KABLA YA KUWEKA KIDOLE

- Alama yangu ni ya kazi gani, na itatunzwa kwa muda gani?
- Nani mwingine ataiona? Mwenye duka? Kampuni? Serikali ya hapa, au ya nchi niliyotoka?
- Nikikataa, au mashine ikinikataa, nitahudumiwa kwa njia gani?
- Nikiona kosa, nimwendee nani?

Kuuliza si ukaidi. Sera ya UNHCR ya mwaka 2015 ilisema mkimbizi ana haki ya kuelezwa, ya kuona habari zake na ya kuomba zisahihishwe. Malawi nayo ilipata sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2024, na MACRA ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia.

Kwa mwenye duka au wakala: usimwombe mteja aweke kidole katika simu yako ili "kumsaidia", na usipige picha ya kitambulisho chake bila sababu anayoijua.

Kwa mwenye simu: usikubali alama ya kidole cha mtu mwingine iingizwe katika simu yako. Hata akiwa rafiki, ataifungua wakati wowote, na pengine na pesa zako pia. Namba ya siri usimwambie mtu, hata wakala.

5. YA KUJADILI KATIKA KUNDI

1. Jirani yako ni mzee na vidole vyake havisomeki. Kundi lenu liombe njia gani ya pili, na liiombe kwa nani?

2. Mtu anapita nyumba kwa nyumba na mashine ndogo, akisema weka kidole upate pesa. Utamwuliza nini kwanza? Utamjulisha nani?

3. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kadi, simu na kidole, utachagua kipi, na kwa nini?

Ambaye hajui kusoma asomewe somo hili kwa lugha anayoielewa, kabla mashine haijafika mlangoni kwake.