Magaga ya miguu: tupa ya kioo, wembe, na mguu wa mama yangu



Baridi ikianza, swali ninaloulizwa na akina mama wengi ninaowatembelea huwa la miguu, wala si la barua za halmashauri au la shule. "Dada, mbona huku visigino vinapasuka hivi, na kule kambini nilitembea peku kila siku?" Kwa hiyo somo la mwezi huu ni magaga. Nimenunua vifaa viwili vya bei ya chini, nimevijaribu kwenye mwili wangu mwenyewe, na nitawaambia kipi kinafaa na kipi ni kupoteza hela. Lakini nianze na habari ya mama yangu.

Mama alizoea kukata magaga kwa wembe. Wengi wetu tunaijua njia hiyo: wembe mpya, beseni la maji, unakwangua ngozi ngumu kama unamenya muhogo. Siku moja hapa Birmingham alikaa sebuleni akikwangua huku anaongea na shangazi kwa simu. Niliporudi kutoka kazini nilikuta damu kwenye kapeti, naye bado anacheka na simu. Alikuwa amejikata vibaya na hakusikia chochote.

Nilimuuliza, "Mama, hukusikia maumivu?" Akanijibu kwamba miguu yake imekuwa "kama imelala" muda mrefu, akadhani ni baridi ya Uingereza. Nesi wa GP alisafisha kidonda, kisha akamtoa damu ya kupima. Ilikuwa sukari, kisukari cha aina ya pili, na kilikuwa mwilini bila sisi kujua.

Kisukari kikikaa muda mrefu bila matibabu huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni, na hupunguza damu inayofika huko. Mtu anaumia asijue, kidonda kinachelewa kupona, vijidudu vinaingia ndani, na wengine huishia kukatwa kidole au mguu. Sisi watu weusi wenye asili ya Afrika tuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, na hatari hiyo huanza mapema, tangu miaka 25, wakati kwa Wazungu huhesabiwa kuanzia miaka 40. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote jiulize: miguu yangu inasikia? Funga macho, mwambie mtoto akuguse ncha za vidole vya miguu polepole kwa kidole chake, nawe useme ni kidole gani. Ukikosea, au kama una ganzi, kiu isiyoisha, au unaamka usiku mara nyingi kukojoa, omba miadi ya GP. Mkalimani ni bure, ila umwombe wakati unapopiga simu. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya mwili wako.

Sasa turudi kwenye magaga yenyewe. Wengine hulaumu maji ya bomba, lakini maji mengi ya Birmingham yanatoka mabwawa ya Elan Valley kule Wales, yamekuwa yakija huku tangu 1904, na ni maji laini. Tatizo kubwa ni hewa. Nje kuna baridi kavu, ndani hita inawaka siku nzima. Ngozi ya nyayo haina tezi za mafuta kama ngozi ya sehemu nyingine, kwa hiyo ikikauka haina cha kujilainisha. Ongeza ndala zilizo wazi nyuma: uzito wa mwili unakisukuma kisigino kitanuke, na ngozi ngumu hainyumbuki, inapasuka. Nyumbani pia tulikuwa na magaga, tusijidanganye. Ila pale bombani tulikuwa tunasugua visigino kwenye saruji kila tunapochota maji, na hatukuita kazi hiyo pedikyua.

Kifaa cha kwanza nilichonunua ni tupa ya kioo ya kusugulia miguu. Ni bapa, inaenea mkononi, na uso wake una chembechembe ndogo kama msasa laini. Nililipa pauni 4. Dukani utaona pia vile vya chuma vyenye matundu kama kikwaruzio cha karoti, na vingine vyenye wembe ndani ya mpini. Hivyo viache. Vinatoa ngozi nyingi kwa haraka, na ukishafika kwenye ngozi hai umechelewa.

Nilifanya hivi. Niliweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi, maji niliyoyapima kwa kiwiko kama ya kuogeshea mtoto. Usikae nusu saa, maana maji mengi huikausha ngozi zaidi. Nikafuta, nikasugua kwa kuelekea upande mmoja, bila kukandamiza. Ngozi hutoka kama unga. Ukisikia kisigino kinapata moto, acha, hata kama bado kuna ugumu. Mimi siku ya kwanza nilitaka kumaliza yote, na kesho yake nilitembea kwa ncha za vidole kutoka kituo cha basi hadi ofisini. Fanya kidogo, mara moja au mbili kwa wiki.

Baada ya hapo paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Vaselini inatosha kuzuia maji yasitoke. Kama ugumu ni mwingi, muulize mfamasia krimu yenye urea, neno hilo limeandikwa kwenye boksi. Urea huvuta maji na kulegeza ngozi ngumu, lakini inachoma ikiingia kwenye ufa ulio wazi. Usipake katikati ya vidole, unyevu wa hapo huleta fangasi. Vaa soksi za pamba ulale, na usitembee na mafuta bafuni, utateleza. Baada ya wiki tatu visigino vyangu viliacha kushika shuka. Pauni 4 zangu sizijutii.

Tupa moja ni ya mtu mmoja. Najua kwetu kushirikiana ni upendo, lakini fangasi na damu hupita hapo. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto, iache ikauke. Na kama ngozi inabanduka magamba nyayo nzima, inawasha, na inanuka, huenda ni fangasi na kusugua hakutaiponya. Mwonyeshe mfamasia, hahitaji miadi wala malipo ya ushauri.

Kifaa cha pili ni kile kifutio cha nywele ambacho mabinti wanakiona kwenye simu. Kinafanana na tupa, unakizungusha juu ya ngozi kavu na nywele zinakatika. Hakiziondoi kwenye mzizi, kinazivunja tu juu ya ngozi, kwa hiyo baada ya siku chache zimerudi. Nilikijaribu kwenye muundi. Kwa nywele nyepesi kinafanya kazi, lakini mkono unachoka, na nilipopaka losheni nilisikia moto. Ngozi nyeusi ikichubuliwa huacha alama nyeusi zinazokaa miezi. Basi usikitumie usoni, kwapani, sehemu za siri, wala juu ya baka au kidonda. Binafsi nimerudi kwenye wembe wa kunyolea: baada ya kuoga, kwa povu, kufuata nywele zinakoelekea, wembe safi usioazimwa. Akina baba wanaopata vipele vya ndevu nao wafuate hivyo hivyo. Nywele zetu za kujikunja hurudi kuchoma ngozi zikikatwa chini mno.

Mwenye kisukari, au mwenye ganzi miguuni, haya yote ya kusugua asiyafanye mwenyewe. Asikate, asitumie plasta zenye asidi za kuondoa sugu, asiweke miguu kwenye hita. Kila mwaka NHS humpima miguu bure, na barua hiyo msiitupe mkidhani ni tangazo. Akipata jeraha mguuni, hata dogo, piga simu GP siku hiyo hiyo. Ikiwa kumefungwa piga 111, ukitaja Kiswahili watatafuta mkalimani. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: je, pana joto kuliko mguu wa pili, pamevimba, pananuka, panatoa usaha?

Jambo la hela pia. Anayetumia dawa za kisukari ana haki ya kupata dawa zote za GP bila kulipia. Aombe fomu FP92A mapokezi. Mama alilipa kwa miezi minne kabla sijaijua fomu hiyo, mimi ninayefanya kazi hii.

Siku hizi anakagua nyayo zake kila jioni kwa kioo kidogo cha mkononi, na mjukuu wake wa miaka sita ndiye mwenye kazi ya kumshikia tochi.