Kutofautiana Bila Kutengana

Somo la robo hii: Matendo 15:36–41, Wagalatia 2:1–14, 2 Wakorintho 8:16–24



Somo hili tunalileta tukiwa na deni. Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja wa dayosisi yetu, mradi wa maji ulisimama miezi saba. Mabomba yalikuwapo, saruji ilikuwapo, na fedha zilikuwa benki. Kilichokosekana ni washarika wa mitaa miwili kukaa pamoja na kukubaliana tenki lijengwe upande gani wa korongo. Ilifika mahali wengine wakawa wanangoja ibada ya pili ili wasikutane na wenzao mlangoni. Na sisi wa ofisi ya miradi tulichangia. Tulipokwenda kupima tulipokelewa na mtaa mmoja, tukala kwao, tukaandika taarifa, tukaondoka. Mtaa wa pili walituona tukipita na gari tu.

Baada ya hapo tulirudi kusoma habari za Paulo na Barnaba, safari hii kwa macho ya watu wa kamati.

Wawili hawa walikuwa wametoka kuvuka jambo kubwa. Mkutano wa Yerusalemu, unaokadiriwa kufanyika karibu na mwaka 49, ulikuwa umeamua kwamba waamini wa Mataifa wasitwikwe tohara. Tungetegemea amani. Lakini katika sura ile ile wanakosana kwa ajili ya mtu mmoja, Yohana Marko. Paulo hakutaka kusafiri naye tena kwa kuwa aliwaacha kule Pamfilia. Barnaba alitaka waende naye. Wakolosai 4:10 inatuambia jambo ambalo mjumbe yeyote wa kamati atalielewa haraka: Marko alikuwa ndugu yake Barnaba. Basi hapo palikuwa na kazi na palikuwa na undugu, na pengine kila mmoja alikuwa na haki yake. Wakaachana. Barnaba akaenda Kipro na Marko, Paulo akamchukua Sila.

Luka hakulificha jambo hili, wala hasemi nani alikosa. Wahubiri wengi hukimbilia kusema kwamba Mungu alitaka zipatikane timu mbili. Huenda, ila maandiko hayasemi hivyo, na tumewahi kuona maneno hayo yakitumika kubariki mgawanyiko. Tunachokisoma ni kwamba baadaye Paulo anamtaja Barnaba kama mtumishi mwenzake (1 Wakorintho 9:6), na katika 2 Timotheo 4:11 Marko yule yule anaagizwa aletwe kwa kuwa anafaa kwa utumishi. Mlango haukupigwa kufuli.

Hata hivyo umoja si kunyamaza. Kule Antiokia, Petro alipojitenga na meza ya waamini wa Mataifa, Paulo alimpinga mbele ya watu wote, kwa sababu kuna ndugu waliokuwa wanasukumwa nje. Alimwambia yeye mwenyewe, ana kwa ana. Kamati zetu nyingi hufanya kinyume: kikaoni kimya, njiani maneno.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo miradi yetu inapopatia majaraha. Pale Yerusalemu, walipopeana mkono wa shirika, Paulo na Barnaba waliombwa wawakumbuke maskini. Paulo akafanya changizo katika makanisa ya Makedonia na Akaya, kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, ambako baadhi walikuwa na mashaka naye. Hakubeba fedha hizo peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama. Na bado katika Warumi 15:31 anaomba maombi ili huduma yake ikubaliwe na wale wanaopelekewa. Ndugu wafadhili, mtoaji naye alikuwa na hofu. Msaada mwema unaweza kukataliwa ikiwa njia uliyopitia imewadharau watu.

Sisi Walutheri wa Tanzania tusilione hili kuwa geni. Kanisa letu lilizaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana makanisa saba, yaliyolelewa na wamisionari wenye desturi zisizofanana.

Katika usharika ule tulirudi, tukalala katika mtaa wa pili, tukaomba radhi mbele ya baraza la wazee. Fundi wa maji akatembea kingo zote mbili za korongo akiwa na wajumbe wa pande zote. Tenki likabaki upande wa juu, kwa kuwa maji hayapandi, ila bomba la kwanza la kuchotea likafunguliwa kwa waliokosa tenki. Watia saini wa benki sasa wanatoka mitaa yote miwili. Mzee mmoja hajarudi kwenye kamati hadi leo. Meza ya Bwana anakuja.

Kwa kikao chenu kijacho: ni nani katika usharika wenu aliyeacha kuja kikaoni, na ni nani aliyekwenda kumwona? Je, fedha za mradi zinashikwa na watu ambao upande wa pili pia uliwachagua?