Fedha za Februari: Mafunzo Niliyopata kwa Wakulima wa Kahawa

Tetemeko la ardhi lilipoipiga Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, hapa Toronto ilikuwa asubuhi. Kwetu ni Kagera, katika vijiji vya kahawa nje ya mji wa Bukoba. Tangu siku hiyo nimekuwa miongoni mwa wanaokusanya michango, wanaopigiwa simu usiku wa manane, na wanaoulizwa na jamaa wa Scarborough na North York: tutume nini, tumpe nani, lini? Ninayoandika hapa nimeyapata kwa wakulima wenyewe, hasa kwa mama yangu mdogo, na kwa marafiki wa hapa mjini waliotoka Mbale, Uganda, na Kivu, Kongo, ambako kahawa na maafa ni majirani wa siku nyingi.

1. Kabla ya kuuliza kilichopotea, uliza kilichobaki

Tetemeko lile la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17 kwa takwimu za serikali, likajeruhi mamia na kubomoa maelfu ya nyumba. Lakini mibuni haikuanguka. Katika kibanja, shamba la Wahaya linalozunguka nyumba, mbuni huishi chini ya mgomba, na yote miwili ilibaki imesimama ilhali nyumba iliyo katikati yake imekuwa kifusi. Mtu alikuwa na shamba zima na hana pa kulala. Kilichokuwa hatarini ni kahawa iliyokwisha kuchumwa: maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, yalikuwa kwenye magunia ndani ya nyumba, chini ya mapaa yaliyobomoka, na mvua zilikuwa zinaanza. Huku Toronto tulikuwa tunazungumzia miche. Mama mdogo akanikatiza: "Mwanangu, miche ya nini? Nitafutie maturubai mawili, moja langu na moja la kahawa."

Rafiki yangu wa Mbale ana habari tofauti kabisa. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulimeguka huko Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ukakifukia kijiji cha Nametsi pamoja na soko na kituo cha afya. Mamia ya watu walipotea na wengi hawakupatikana kamwe. Pale udongo wenyewe uliondoka, na mibuni ikaondoka nao. Turubai halimsaidii sana mtu ambaye shamba lake sasa liko bondeni chini ya mawe. Huko Brazili baridi kali huua mti na kuacha nyumba na ardhi. Mnyauko fusari, uliofyeka robusta ya Uganda tangu miaka ya 1990 na kuvuka hadi Kagera, huua mbuni mmoja mmoja, kimyakimya, bila kamera hata moja. Ukisikia "maafa ya wakulima wa kahawa" na ukakimbilia kutuma kitu kilekile kila mara, utawasaidia wachache sana.

2. Tumbo likiwa tupu, kahawa haipaliliwi

Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006. Wakulima walifundishwa kung'oa migomba iliyougua na kukata ua la mkungu kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, maana kisu hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Ugonjwa huo haukugusa kahawa hata kidogo, lakini kahawa ikaporomoka. Aliyepoteza ndizi alitoka alfajiri kwenda kulima vibarua kwa wengine, na kibanja chake kikajaa majani. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kusaidia kahawa ifufuke, humwambia anunue mbegu za maharage.

3. Janga la pili huitwa butura

Hili ndilo lililonibadilisha, na ndilo ninalotaka lisomwe kuliko mengine yote.

Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado changa mtini. Mwenye shida humwendea mwenye fedha mwanzoni mwa mwaka, hupewa kiasi kidogo, na msimu ukifika mavuno ya mibuni ile ni ya mkopeshaji. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, wakuu wa mikoa wameikemea hadharani, na bado ipo, kwa sababu inalijibu swali ambalo kwa kawaida halijibiwi na mwingine yeyote: nitapata wapi fedha leo?

Sasa tazama kalenda. Tetemeko lilikuja Septemba. Michango ya watu wetu, kutoka Dar es Salaam hadi Toronto, ilimiminika Septemba na Oktoba: mablanketi, unga, maturubai, dawa. Serikali ilisema fedha za maafa zitaelekezwa kwenye huduma za umma kama vile shule, na kila kaya ijenge nyumba yake. Kufikia Januari magazeti yalikuwa na habari nyingine, na huku ughaibuni makundi ya simu yaliyoundwa kwa ajili ya tetemeko yalikuwa yamerudi kwenye salamu za kila siku. Ni Januari hiyohiyo mkulima alipohitaji bati, saruji, ujira wa fundi, sare na madaftari. Robusta ya Kagera huanza kuchumwa kwa wingi kuanzia Mei. Kati ya Januari na Mei mfukoni hamna kitu.

Jirani wa mama mdogo, mjane mwenye kibanja kizuri, alitoa butura mavuno yake ya mwaka 2017 ili aezeke vyumba viwili kabla ya masika. Aliezeka. Msimu ulipofika aliichuma kahawa yake kwa mikono yake, akaianika, akaipakia kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Hakubaki na kitu cha kumvusha mwaka, kwa hiyo Februari iliyofuata alirudi kwa mkopeshaji yuleyule. Ardhi ilitikisika kwa sekunde chache. Deni lilikula misimu miwili mizima. Na mwanamke huyu hakuhesabiwa popote kuwa mwathirika wa mwaka 2018.

Baada ya kusikia habari zake, sisi wachache wa kutoka Kagera hapa Toronto tuliacha kuchanga kwa kishindo. Kila mwenye uwezo hutoa kidogo kila mwezi, fedha hukaa, na hutumwa Februari kwa kikundi cha akina mama kijijini ambacho huwakopesha wanachama wake bila kuchukua kahawa yao. Wanarudisha baada ya chama cha msingi cha ushirika kuwalipa. Si mpango mkamilifu. Malipo ya kahawa yakichelewa, marejesho nayo huchelewa, na wapo walioshindwa kabisa kurudisha. Kikundi kimeamua deni la aliyefiwa au aliyeugua lisogezwe hadi msimu unaofuata. Ugumu mkubwa uko upande wetu. Kumwomba mtu fedha wakati hakuna anayelia kwenye televisheni ni kazi nzito kuliko nilivyodhani, na huifanya kila mwaka nikijua nitasikia: "Kwani kumetokea nini tena?"

4. Bima ya mkulima ina sura za watu

Desemba 2013 mvua ya barafu iliangusha miti na nyaya Toronto, na wateja wapatao 300,000 wa umeme wakakaa gizani, wengine mpaka baada ya Krismasi. Baadaye ziligawiwa kadi za kununulia vyakula kwa watu ambao vyakula vyao viliharibikia kwenye friji. Foleni zilikuwa ndefu na kadi hazikutosha, lakini jambo lenyewe lilinigusa sana: hapa kuna mahali ambapo nyama iliyooza kwa kukosa umeme inatambuliwa kuwa hasara. Julai ya mwaka uleule mafuriko yalijaza maji vyumba vya chini vya nyumba nyingi, na kampuni za bima zikalipa mamia ya mamilioni ya dola.

Mama mdogo hana karatasi ya bima. Ana mbuzi, ana migomba, ana chama cha kufa na kuzikana, ana kaka aliye Mwanza, ana mimi. Nilipolielewa hilo sikuweza tena kuita ninachotuma zawadi. Ni sehemu ya mfumo unaomwezesha kulima mwakani, na mfumo huo hufanya kazi pale tu anapojua kwa hakika kwamba upo.

5. Bei ikipanda, muulize aliyeanguka

Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya jimbo la Paraná, Brazili. Bei ya dunia ikapaa, na mwaka 1977 ikapita dola 3 za Marekani kwa ratili. Wazee wa Kenya na Uganda wanaikumbuka neema ile, pamoja na magendo ya Chepkube mpakani, ambako kahawa ya Uganda ya enzi za Idi Amin ilivushwa usiku kwenda Kenya. Msiba wa mkulima wa Brazili ulijenga nyumba za mawe Afrika Mashariki. Februari 2025, baada ya ukame huko Brazili, arabika ilipita dola 4 kwa ratili katika soko la New York, na kikombe kikapanda bei hapa Toronto. Wenzangu kazini wakanipongeza: bila shaka kwenu mnafurahi.

Wapo waliofurahi, na walistahili. Lakini bei hulipwa kwa mwenye magunia mwaka huo. Aliyetoa butura alikwisha kuuza. Aliyepanda upya baada ya maporomoko atasubiri miaka mitatu hivi ndipo arabika yake izae vizuri, na hakuna anayeweza kumwahidi bei ya siku hiyo.

6. Usimlaumu anayerudi mlimani

Baada ya maporomoko ya Nametsi, serikali ya Uganda ilihamishia familia nyingi Kiryandongo, mamia ya kilomita kutoka Elgon. Baadhi walirudi. Hapa Toronto nimesikia watu wakiwaita wakaidi, hasa maporomoko yalipoua tena Bududa Oktoba 2018 na Bulambuli Novemba 2024. Rafiki yangu hunyamaza mazungumzo yanapofika hapo, kisha huuliza kama kuna anayejua arabika ya Bugisu, upande wa Elgon, inaota wapi. Inaota juu, kwenye baridi, na Kiryandongo ni nchi ya chini na ya joto. Kumhamisha mkulima wa kahawa bila kahawa ni kumtaka aanze maisha ya mtu mwingine akiwa na umri wa miaka hamsini.

Ni hivyohivyo Kalehe, Kivu Kusini, ambako mafuriko ya Mei 2023 yaliwaua mamia katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu wamerudi kando ya mito ileile kwa sababu soko, ziwa na mashamba yako hapo. Ninaamini pa kuhama pahamwe, na kwamba mteremko wenye nyufa si wa kulala mtu. Lakini lipo jambo la katikati ambalo wakulima wenyewe wa Elgon hulifanya: kulala chini na kulima juu, kupanda miti ya kivuli yenye mizizi mirefu kati ya mibuni, na kuchimba makinga maji. Kazi hiyo inahitaji majembe, miche ya miti na siku za watu.

7. Maswali ya kumuuliza mkaanga kahawa

Hapa mjini tuna wakaanga kahawa wengi wadogo, na kwenye mifuko yao mara nyingi huandika jina la ushirika kahawa ilikotoka. Alama ya Fairtrade inasaidia: Agosti 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa ilipandishwa hadi dola 1.80 kwa ratili, na juu yake kuna senti 20 za maendeleo zinazopangiwa matumizi na wanachama wenyewe. Lakini senti hizo huhesabiwa kwa uzito. Mwaka wa janga, mavuno yakipungua, nazo hupungua, wakati ule hasa ushirika unapozihitaji zaidi. Kanuni za Fairtrade pia zinauruhusu ushirika kumwomba mnunuzi malipo ya awali, hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, kabla ya kahawa kusafirishwa. Fedha hizo zikifika kwa wakati, mkulima ana njia nyingine mbali na butura.

Basi mimi huuliza mambo mawili ninaponunua. Je, mlinunua kwao mwaka ambao walikuwa na magunia machache? Na je, mliwalipa sehemu kabla ya kahawa kuiva? Wengi hawana jibu papo hapo na huahidi kuulizia. Wa mtaani kwangu alirudi na jibu baada ya wiki: ndiyo kwa la kwanza, hapana kwa la pili, kwa kuwa hajawahi kuombwa. Nimempa anwani ya ushirika.