Kabla hujabeba DVD za kuuza, ruka mpaka eneo la usiku

Wadau, niliwahi kubeba DVD 60 za "muvi 20 ndani ya 1" nikauze Nyakanazi. Kava zinang'aa balaa! Mzee mmoja mwenye kibanda umiza kule Benaco akachukua tano. Kesho yake kanipigia: watazamaji wamedai hela zao, picha imejaa vibokisi, sauti inatangulia mdomo. Nikamrudishia pesa yote.

Kumbe ni hesabu tu. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, yaani muvi moja ya saa mbili ikiwa safi. Ukibana 20 humo, kila moja inabaki na kama MB 235. Itaonekanaje?

Siku hizi namwambia muuzaji, "Bosi, weka kwenye deki kwanza." Naruka mpaka eneo la usiku, maana giza ndilo linaloumbua kopi mbovu. Halafu naenda mwisho, nione kama haijakatwa. Kichwa cha mtu kikipita mbele ya picha, hiyo imerekodiwa ukumbini kwa kamera, acha.

Nyongeza? Trela na mambo ya nyuma ya kamera hakuna mteja aliyewahi kuniulizia. Wanauliza, "Imetafsiriwa?" Bongo muvi natafuta stempu ya TRA.

Nani anajua duka la jumla Kahama wanaokubali ujaribu kabla ya kulipa?