MEKA NA KILO: HESABU YA JIKONI



Hapa kwetu Kamatanda, ku soko, bamama wanauzisha unga kwa meka, mafuta kwa chupa, chumvi kwa kopo. Lakini kitabu cha mapishi kinasema gramu, na gunia ya unga inaandikwa kilo. Namna gani tutatoka ku meka na kufika ku kilo? Hilo njo somo letu.

Kwanza tufahamu hivi: meka inapima nafasi, haipimi uzito. Chombo ni kilekile, lakini kilo hazifanani. Chumvi iko nzito. Unga iko mwepesi, kwa sababu hewa mingi inakaa katikati ya chembe zake.

Maji njo mlango wa hesabu hii. Mwaka 1795, Wafaransa walipopanga vipimo vipya, walihesabu gramu kwa uzito wa maji. Kwa hiyo lita 1 ya maji ni kilo 1. Vitu vingine, lita 1 ni karibu hivi:

Chumvi laini: gramu 1200
Mafuta: gramu 920
Sukari: gramu 850
Mchele: gramu 800
Unga ya mahindi: gramu 600
Unga ya ngano: gramu 530

Katika fizike, kwa Kifaransa, tunaita jambo hili masse volumique.

SHERIA: lita mara gramu za lita 1 ni uzito. Tuseme meka inashika lita 4. Unga ya mahindi: 4 × 600 = gramu 2400. Mchele: 4 × 800 = gramu 3200. Meka ni moja, tofauti ni gramu 800!

Kwa kurudi nyuma, tunagawanya. Unataka sukari gramu 100 kwa beignets: 100 ÷ 850 = karibu lita 0,12, ni kusema sentilita 12.

Hujui kopo yako inashika ngapi? Ipime ku mizani ikiwa tupu, kisha ijaze maji na kuipima tena. Toa uzito wa kwanza katika wa pili. Kila gramu 1000 zilizobaki ni lita 1.

ANGALIA: unga ikitikiswa ao kushindiliwa inashuka, na chombo kinabeba mingi zaidi. Kilima juu ya meka nacho ni uzito. Na kopo yenye kitako kilichopigwa ndani inapunguza. Mtu akikopa kwa jirani meka ya kushindiliwa, akirudisha ya kumwaga tu, jirani amepoteza, hata kama meka haikubadilika. Basi tupatane mbele: tujaze bila kushindilia, tukate juu sawasawa kwa kibao.

Tusione hayo ni madogo. Mambo ya Walawi 19:35-36 inataja mizani pamoja na efa, kipimo cha nafka. Amosi 8:5 inakemea waliofanya efa kuwa ndogo. Mungu anataka haki ku kilo, na ku meka vilevile.

ZOEZI: Mama anahitaji mchele kilo 2. Kopo yake inashika nusu lita. Atajaza mara ngapi?

(Jibu: 2000 ÷ 800 = lita 2,5; mara 5.)